Mokihana Aliyesema Baadaye

Habari za Mokihana Lorenzo nitazisema mimi, kwa sababu ua wa nyumba yake na yangu ni mmoja na mambo yenyewe niliyaona. Nikitia chumvi mahali, mtaionja wenyewe.

Tunakaa kando ya barabara, chini kidogo ya mji wa Hawi, kaskazini ya kisiwa chetu, ambako upepo ndio mwenye nchi. Si upepo wa kukausha nguo, ni upepo wa kuziiba. Marehemu mume wangu alitoka siku moja kutazama ng'ombe, upepo ukamng'oa masharubu yote, ya kulia na ya kushoto. Wiki iliyofuata tuliyakuta Waimea, mji wa jirani, yamemwota polisi. Mume wangu akayadai. Polisi akasema ni yake tangu ujana, na sisi ushahidi hatukuwa nao.

Basi katika upepo huo, kila Oktoba, Jumamosi moja, barabara yetu inafungwa. Siku hiyo huendi dukani, huendi kanisani, na kama ulikuwa na mpango wa kufa ungekufa Ijumaa. Wanapita watu wa yale mashindano ninayoyaita Tatu kwa Mpigo. Asubuhi wameogelea kwenye ghuba ya Kailua. Wametoka majini wamepanda baiskeli, wanakuja mpaka kwetu kupitia nchi yote ile ya mawe meusi, wanaizunguka alama iliyowekwa pale Hawi, wanarudi Kailua, na huko wanashuka waanze kukimbia, kana kwamba hakuna aliyewaambia kuwa wamechoka. Wanatoka Ujerumani, wanatoka Japani, wanatoka mahali ambapo bahari imeganda. Wanavuka dunia nzima kuja mpaka mlangoni kwetu, halafu wanageuza. Hata habari za asubuhi hawaulizi.

Mokihana alizaliwa hapa hapa, na tangu akiwa na meno ya utotoni alikuwa anakaa kwenye ukuta wangu akiwatazama.

"Anti Lahapa," aliniuliza, "wamesahau nini?"

"Kwa nini unasema wamesahau?"

"Mbona wakifika tu wanarudi?"

Nikamwambia wamesahau suruali, na kwa jinsi walivyovaa aliniamini miaka mingi.

Akakua, akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja kule pwani, akaolewa na Faustino Lorenzo, ambaye sote tunamwita Tino. Tino ni mpishi wa shule. Wazee wake waliletwa kukata miwa wakati miwa ilikuwepo, na kutoka kwao alirithi sufuria moja kubwa na kuku wa siki asiyeigika. Lakini kitu kilichomfanya Tino ajulikane ni kuita.

Kwetu mtu hapiti mbele ya nyumba wakati wa chakula bila kuitwa. Njoo ule! Atakuita asiyekujua, atakuita mliyegombana naye juzi juu ya mpaka wa shamba. Na ukiitwa unasimama. Kama una haraka unasimama kwa mguu mmoja, unameza tonge, unasema asante, unakwenda zako. Kupita tu hupiti. Tino yeye alizidisha. Aliwaita watalii. Alimwita fundi wa umeme akiwa juu ya nguzo, akapandishiwa sahani kwa kamba akala huko huko juu. Mara moja gari la maiti lilikuwa linapita, akaita, gari likasimama, dereva akala, wafiwa wakala, na nikiangalia sawasawa hata kifuniko cha jeneza naona kama kilisogea. Tulichelewa kuzika.

Huyo ndiye mume. Mtoto ni mmoja, Kapua, wakati huo yuko kwenye umri ule ambao mama yako akipumua tu anakutia aibu.

Mwaka huo waandaaji wa mashindano walitoa nafasi chache kwa watu wa kisiwani, kwa bahati nasibu. Mokihana alitia jina lake, hakumwambia mtu. Jina likatoka.

Nilikuwepo alipowaambia mezani. Mimi nikiitwa huwa naenda.

"Wewe?" Tino aliuliza, kijiko hewani. "Wewe unayeogelea kama mtu anayemfukuza nyuki?"

"Nitajifunza."

"Na baiskeli? Ya nani?"

"Ya binamu yangu. Ananiazima."

Kapua akainua macho. "Mama, utavaa zile nguo zao?"

"Nitavaa."

"Basi mimi nahamia Honolulu."

Tulicheka sote, Mokihana akacheka kutuzidi. Nikamuuliza shida yake hasa ni nini, maana kuchoka kama anataka, mashuka yapo. Akanijibu taratibu, akichora na kidole juu ya meza. "Anti, maisha yangu yote nimewaona wakifika hapa kwetu. Nataka na mimi siku moja nifike hapa."

"Si uko hapa?"

"Kuwa na kufika ni vitu viwili."

Sikumwelewa. Shule mimi niliiona kwa nje, nilipokuwa nikipeleka mboga.

Akaanza. Kabla ya jua alikuwa Mahukona, kwenye bandari ya zamani ya sukari. Alishuka kwa ile ngazi ya chuma akaogelea juu ya meli iliyozama enzi za babu zetu. Aliogelea mpaka samaki wakamjua kwa jina. Kulikuwa na mmoja wa manjano aliyemngoja kila siku chini ya ngazi, na Mokihana aliposhikwa na mafua yule samaki alipanda vidato viwili kuulizia hali. Kutoka Mahukona, hotelini, mashuka ya watu mpaka alasiri. Kutoka hotelini, viatu, akakimbia kwenye njia ya mawe meusi ambako hakuna mti, hakuna mbuzi, hakuna hata mtu wa kukwambia pole. Miguu yake ikawa migumu hata mbu wakawa wanavunjika midomo.

Jumapili zikawa za baiskeli. Nikamwambia atafute wenzake wa kwenda nao, kule Waimea wapo. Akatikisa kichwa.

"Haifai, Anti. Sheria yenyewe inataka uwe peke yako. Ukimfuata mwenzako kwa karibu, ukajificha nyuma ya mgongo wake upepo usikupige, mwamuzi anakuja na pikipiki anakuadhibu."

"Hata kama ni rafiki yako?"

"Hata kama ni pacha wako. Kila mtu na upepo wake."

"Na kupiga soga je?"

"Upige na nani? Mwenzako yuko kule mbele, unaona mgongo tu."

Nikasema mimi nimeona misiba yenye uchangamfu kuliko hiyo. Akacheka, akapanda baiskeli, akaenda kujizoeza kuwa peke yake.

Jumapili ya kwanza alipita mbele ya nyumba wakati Tino yuko barazani na sahani yake. Tino akainuka kama anavyomwinukia kila mpita njia, akapaza sauti kwa utani, "Wee mama wa baiskeli! Njoo ule!"

Mokihana alikuwa ameshika mwendo, na anajua akisimama miguu itaganda. Akajibu bila kugeuza shingo.

"Baadaye!"

Neno hilo tunalo. Tunamwambia daktari wa meno, tunamwambia mchungaji akituhimiza tutubu. Lakini mtu aliyekuita ule hajibiwi hivyo. Tino akabaki amesimama. Akacheka kidogo, akanitazama mimi niliyekuwa upande wa pili wa ua, kama anayeuliza, umesikia ninavyosikia?

Jumapili ya pili akamwita tena. Baadaye! Ya tatu akamwita kwa sauti ya chini zaidi, na mimi namjua Tino, huyo akinong'ona tu anasikika Maui, ng'ambo ya bahari. Baadaye, Tino!

Ya nne Tino alikuwa pale pale. Akamwita jirani wa juu. Akamwita mtalii aliyepotea njia. Akamwita paka. Mokihana akapita, ameinama juu ya usukani, na Tino akatazama wali wake.

Hakuna aliyegombana. Natamani wangegombana, mimi ugomvi wa jirani nausikia vizuri. Nyumba ile ilinyamaza tu. Mokihana alirudi jioni wenzake wameshakula, akajipakulia, akala amesimama mbele ya jokofu kwa sababu akikaa haamki. Tino alimwachia chakula, hilo sisemi uongo, na kilikuwa kingi, kimefunikwa vizuri. Lakini kufunikiwa sahani na kuitwa si kitu kimoja, hata mbwa wangu anajua.

Halafu ikaja siku ya Kapua kucheza hula, ngoma yetu ya asili, pale ukumbini. Mokihana alifika, tena mapema, nywele mbichi za bahari. Akakaa safu ya mbele. Ngoma haijafika nusu akaanza kukoroma, na alikoroma hivi kwamba mpiga ngoma alipoteza mdundo, wasichana wakaenda kushoto badala ya kulia. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kapua alicheza mpaka mwisho, uso mkavu.

Kesho yake Mokihana aliporudi kutoka kukimbia, nikamsikia mtoto yule barazani anasema kwa adabu iliyonyooka, "Karibu, Anti. Chakula kiko jikoni. Bafu ni mlango wa pili."

Kwetu kila mwanamke mzima ni Anti, mwenye duka ni Anti, mgeni wa dakika moja ni Anti. Kila mwanamke isipokuwa aliyekuzaa.

"Kapua, acha utani," Mokihana akasema.

"Sawa, Anti."

Na hakuacha.

Siku nyingine tena mezani, mara hiyo Mokihana naye alikuwepo kwa ajabu ya Mungu, akawaeleza habari ya siku ya mashindano. "Nikipita hapa msinipe kitu. Hata maji. Hata ndizi. Vituo vyao vipo, navyo ndivyo ninavyoruhusiwa. Mtu wa nyumbani akinipa kitu, naweza kutolewa."

"Kwani nani alitaka kukupa?" Kapua akauliza.

Tino alikuwa anamenya kitunguu saumu. "Na ukisimama mwenyewe? Ukaingia, ukala?"

"Nikila chakula chako nimekwisha."

"Mwaka mzima umekwenda bure hivyo?"

"Mwaka mzima."

Tino akaendelea kumenya. Alikimenya kile kitunguu mpaka kikaisha, na bado vidole vikawa vinamenya.

Wiki chache kabla ya mashindano niliteremka Mahukona kuokota chumvi kwenye mawe, nikamkuta Mokihana amekaa juu ya ngazi ya chuma, miguu majini. Alikuwa ameshamaliza kuogelea, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Huendi nyumbani leo? Si siku yako ya mapumziko?"

"Naenda."

"Mbona umekaa?"

Akachezesha maji kwa vidole vya miguu. "Nikifika sasa watakuwa mezani. Nikiingia wanasogeza viti. Wananipisha vizuri sana, Anti, kama mtu aliyekuja kusoma mita."

Nami nikakaa kando yake.

"Tino haniiti tena," akasema. "Nikipita naangalia mbele, lakini masikio yangu yanabaki nyuma kama ya farasi. Anamwita kila mtu."

"Si ulimwambia baadaye?"

"Nilimaanisha baadaye!" Akasema kwa nguvu, kisha akashuka sauti. "Nilidhani baadaye ipo."

Bahari ikapiga ngazi. Akaniambia ile siku hataki chakula, hataki maji, hataki wamshangilie na mabango. Anataka aitwe tu. Apite mbele ya nyumba yake, Tino apaze sauti yake ile ya kuamsha maiti, Njoo ule, Mokihana, na yeye aendelee na safari.

"Akiniita nitajua bado ni kwangu."

"Na asipokuita?"

"Basi nina mahali pa kulala."

Nilitaka kumwambia Tino. Midomo yangu kila mtu anaijua, lakini mara hiyo niliifunga, maana kuita kwa kutumwa si kuita.

Siku ikafika. Mokihana alishuka Kailua mapema siku moja kabla, na baiskeli nyuma ya gari, peke yake. Kapua alikwenda Hawi na wenzake wa shule, kama kila mwaka, kusimamia kituo cha maji pale pa kugeuzia. Mimi nikaingia barazani kwa Tino tangu asubuhi, bila kuitwa, nikachukua kiti chenye mto.

Tino alikuwa amepika. Lile sufuria kubwa la wazee wake, kuku wa siki mpaka ukingoni, wali wa kulisha jeshi, na nyama ya kopo aliyoikaanga ikawa nyekundu kingo zote. Harufu ilishuka barabarani ikakaa.

Wakaanza kupita. Wa kwanza wale wembamba, wanakwenda kama wamerushwa. Tino kimya. Wakaja wa kati. Kimya. Akapita Mjerumani mmoja akageuza kichwa kabisa kuifuata ile harufu, akakaribia kuingia kwenye mtaro. Tino kimya! Nikamshika paji la uso nimwone kama ana homa.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Anti."

"Watu wote hawa hujamwita hata mmoja."

"Leo siiti."

Upepo ulikuwa mbaya siku ile. Ulikuwa unatoka mlimani unawapiga ubavuni, na wale watu walikuwa wanaendesha wamelala upande, kama wameegemea ukuta usioonekana. Mmoja nilimwona akipita na baiskeli yake juu kidogo ya ardhi, lakini hilo siliapii.

Kisha nikamwona yeye. Nilimjua kwa magoti, maana uso ulikuwa chumvi tupu na miwani. Alikuwa peke yake kabisa. Wa mbele yake kwa mbali, wa nyuma yake hayupo. Alipokaribia uzio wetu akalegeza mwendo. Kidogo tu, lakini hilo nililiona. Shingo ilibaki mbele na sikio likaja upande wetu.

Tino alikuwa ameinuka. Mishipa ya koo imemsimama. Akachukua taulo la jikoni lililokuwa begani, akalitia mdomoni, akaling'ata.

Mokihana akapita.

"Tino!" nikasema. "Wewe mtoto ni mjinga?"

Akatoa taulo. Macho mekundu. "Nikimwita atasimama."

"Na asimame!"

"Akisimama atakula. Akila ametolewa. Mwaka mzima, Anti. Umesikia mwenyewe."

Nikamwambia hahitaji kula, anataka... lakini alikuwa ameshazunguka baraza mara tatu, hasikii. Akasema, "Namjua mke wangu. Siku kama leo, na upepo huu, na kuku huyu? Sauti yangu akiisikia ataweka baiskeli chini. Nitakuwa nimemharibia."

Tukangoja arudi kutoka Hawi. Ni karibu, haikuchukua muda. Akaja, sasa upande wa kushuka, amekaza mikono. Mimi nikafikiri, kama huyu haiti nitaita mimi, sauti ninayo. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Tino akaniziba kwa mkono mzima, mkono unaonuka siki na kitunguu saumu. Tukasimama hivyo, mzee wa watu nimefungwa mdomo na mpishi wa shule, na Mokihana akageuza kichwa safari hii, akatutazama sawasawa. Aliona watu wawili wamesimama kimya. Mkono wa Tino sidhani aliuona, nguzo ya baraza ilikuwa katikati.

Akainamisha kichwa. Akashuka na upepo kuelekea kwenye mawe meusi, na kutoka pale barazani unamwona mtu kwa muda mrefu sana kabla hajaisha. Tino alimtazama mpaka akaisha. Hakuna aliyekula siku ile. Sufuria lile jioni tuliwagawia majirani, na Tino hakuita mtu, alipeleka nyumba kwa nyumba.

Alimaliza. Nawaambia msije mkadhani hakumaliza. Alirudisha baiskeli Kailua, akakimbia, akatembea, akakimbia, akavuka mstari wao, wakamvisha medali na taji la maua. Hakuweza kuendesha gari mpaka kwetu, akalala humo humo garini. Asubuhi ya pili yake ndipo nikasikia gari linaingia.

Nikawahi na mkate. Alikuwa amekaa barazani, medali iko mfukoni, midomo imepasuka. Kapua alikuwa kanisani na wenzake. Tino yuko jikoni, vyombo vinalia.

"Hongera, mwanangu."

"Asante, Anti."

"Kapua alikuona kule juu?"

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Alinipa maji. Akaniambia, 'Safi sana, Anti, unaweza!' Hivyo ndivyo anavyowaambia wanawake wote wanaopita. Nilikuwa na kofia na miwani. Sijui kama alikuwa ananikomoa au hakunijua." Akafikiri. "Sijui lipi afadhali."

Nikasogea. Nikamwambia yote, taulo, mishipa ya koo, mkono mdomoni mwangu. Nilisema kweli tupu, bila hata punje ya chumvi, na labda hapo ndipo nilipokosea, maana hakuizoea sauti yangu ikiwa hivyo.

"Anti, nakupenda," akasema, "lakini wewe uliniambia pia kuwa wamesahau suruali."

Ndipo Tino akatoka na vikombe viwili vya kahawa. Akampa kimoja. Mimi sikupewa, nikajua natakiwa niondoke, nikakaa.

"Tino," Mokihana akamwambia, "mbona hukuniita?"

Tino akapuliza kahawa yake. "Ungesimama."

Mokihana akanigeukia. Akaona sikudanganya. Uso wake ukalegea wote, nikadhani sasa atalia, na mimi nikajiandaa kulia pia, nina kitambaa. Badala yake akazungusha kikombe mikononi.

"Nisingesimama," akasema.

Tino akacheka. "Ungesimama."

"Nisingesimama, Tino."

"Hata kwa kuku wa siki?"

"Hata kwa huyo."

"Hata kama ningeteremka barabarani nikasimama mbele yako?"

Hapo aliwaza, na naapa alikuwa anawaza kwa haki, anatafuta jibu la kweli. "Ningekuzunguka."

Kicheko cha Tino kikabaki mdomoni kimekosa pa kwenda. Nikawasogezea ule mkate. Hakuna aliyeugusa, na kwetu hilo ni ajabu kubwa kuliko masharubu ya Waimea.

"Nilitaka sauti tu," Mokihana akasema. "Niisikie nikiwa napita."

"Mimi siwezi kumwita mtu ili apite."

"Najua."

"Ningejua unataka hivyo..."

"Usingeweza."

"Nisingeweza," Tino akakubali.

Kuku wakavuka ua. Gari likapita barabarani, likaendelea, na Tino hakuinua kichwa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, na kati yao angeweza kukaa mtu mnene.

Mwishowe Mokihana akasema nguo za jana zitaoza ndani ya begi. Mashine yao ya kufulia iko chini ya nyumba, kama za wengi wetu, unateremka kwa ngazi ya mbao. Akainuka kwa kushika nguzo. Akafika kwenye ngazi, akajaribu kidato cha kwanza, goti likakataa. Akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume, kama kaa, begi limening'inia shingoni, anatafuta kidato kwa kidole cha mguu.

Tino aliweka kikombe chini. Akampita pembeni, akateremka mpaka chini yake, akageuza uso juu. Hakumshika. Akawa anarudi nyuma kidato kimoja kila Mokihana alipoteremka kimoja, mikono imefunguka nyuma ya mgongo wa mkewe, tayari kumdaka, na kati ya mikono na mgongo kulikuwa na nafasi ya shibiri moja. Walishuka hivyo mpaka chini. Nikasikia mlango wa mashine unafunguliwa, na maji yanaanza kuingia.